Namna ya Kuyasoma Maoni ya Wachezaji wa Dragon's Dogma 2 Kabla ya Kulipa

Tarehe 22 Machi 2024, siku kampuni ya Capcom ilipoutoa mchezo wa Dragon's Dogma 2, mtu aliyesoma tathmini za waandishi wa habari za michezo ya video na mtu aliyesoma maoni ya wanunuzi kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, wangeweza kudhani kwamba wanasoma habari za michezo miwili tofauti. Waandishi waliupa wastani wa juu ya alama 80 kati ya 100 na kuusifu kwa kuwa na ulimwengu ulio hai. Wanunuzi wa kompyuta, ndani ya saa chache, waliujaza ukurasa wake malalamiko, na tathmini nyingi za siku ile zilikuwa hasi. Miaka imepita na mgawanyiko haujaisha: kuna anayesema hajawahi kuufurahia mwendo wa miguu ndani ya mchezo wowote kama huu, na kuna anayesema amelipa fedha nyingi ili atembezwe njia ileile mara kumi.

Mimi nimo katika kundi la waupendao, na nalisema mapema ili msomaji aujue upande wangu. Hata hivyo mwongozo huu haukusudii kumvuta mtu aununue. Unakusudia kumsaidia yule aliyesoma maoni mia, nusu yakimvuta na nusu yakimsukuma, akabaki pale alipokuwa. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, yatosha kusema kwamba mchezaji ni Arisen, mtu aliyenyang'anywa moyo na joka, naye husafiri katika nchi mbili, Vermund ya wanadamu na Battahl ya watu wenye maumbile ya paka, akifuatana na wasaidizi wasiozidi watatu waitwao Pawn. Mmoja kati ya hao humuumba mwenyewe, na wawili huwaazima kutoka kwa wachezaji wengine.

Anza na tarehe

Kabla ya kusoma neno moja la maoni, tazama yaliandikwa lini. Mchezo wa leo si ule wa Machi 2024, na malalamiko mengi yenye ukali yanahusu mambo ambayo yalikwisha kubadilishwa. Ulipotoka, mchezaji hakuwa na njia ya kawaida ya kufuta safari yake na kuanza upya. Mwishoni mwa mwezi uleule Capcom ikaongeza uwezo huo kwa sasisho, na sasisho hilohilo likaongeza hadi 99 idadi ya kitabu cha kubadilishia sura kinachouzwa ndani ya mchezo, ambacho awali kilipatikana kwa uchache. Mwezi wa Aprili ugonjwa unaowapata Pawn, nitakaoueleza baadaye, ulipunguzwa kasi yake ya kuambukiza, na dalili zake zikafanywa zionekane kwa urahisi zaidi. Mwezi wa Septemba 2024 lilikuja sasisho lililolenga kuupunguzia mchezo uzito kwenye prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu za kompyuta, na mwanzoni mwa 2025 ikaongezwa hali nyepesi ya kuchezea kwa wale walioona adhabu za safari ni nyingi mno.

Steam ina chujio la tarehe pamoja na grafu inayoonyesha tathmini chanya na hasi kwa kila kipindi. Itumie. Usiitegemee alama ya jumla, kwa sababu inachanganya hasira ya juma la kwanza na maoni ya mtu aliyenunua kwa bei ya punguzo mwaka mmoja baadaye. Ifahamike pia kwamba Steam hairuhusu alama za kati: mtu husema ndiyo au hapana, basi. Neno la kwamba maoni ni mchanganyiko huwekwa pale ambapo waliosema ndiyo ni kati ya asilimia 40 na 69, kwa hiyo mchezo unaowaudhi watu kidogo na mchezo unaowagawa watu vikali unaweza kubeba neno lilelile. Dragon's Dogma 2 ni wa aina ya pili, na ndiyo maana alama yake haimsaidii mtu.

Tenga lawama za mashine, za mfuko na za mchezo wenyewe

Lawama tatu zisizofanana hutupwa katika kapu moja, na mtu asiyezitenga huchanganyikiwa bure.

Lawama ya mashine ndiyo rahisi kuipima. Mchezo huu unaielemea prosesa kuliko kadi ya michoro, hasa ndani ya miji, kwa sababu watu wengi wa mjini huhesabiwa mienendo yao kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kwamba kompyuta inayokwenda vizuri porini hukwama ukiingia Vernworth, mji mkuu wa Vermund. Basi mtu anaposema kwamba kwake unakwenda vizuri, bila kutaja prosesa yake na bila kusema kama amefika mjini, maoni yake hayana thamani kwako, hata kama ni mkweli kabisa. Mahitaji ya chini yaliyotangazwa ni prosesa ya Intel Core i5-10600 au AMD Ryzen 5 3600, kumbukumbu ya GB 16, kadi kama GTX 1070, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa anayeishi Mwanza au Eldoret na kununua bando la intaneti kwa siku, mzigo wa kupakua ni gharama nyingine ya kuhesabiwa pamoja na bei ya mchezo, na waandishi wengi wa maoni walioko Ulaya na Marekani hawaitaji kwa kuwa haiwahusu. Kinyume chake kuna jambo jema ambalo nao hawalitaji sana: ukishaingia, unaweza kucheza bila kuunganishwa, na mchezo wenyewe utakupa Pawn wa kuazima hata kama huwapati wale wa wachezaji wenzako.

Lawama ya mfuko inahitaji uangalifu. Siku ya kutoka, ilionekana orodha ya vitu vidogo vinavyouzwa kwa pesa halisi: kitu cha kuwekea kituo cha safari, mawe ya kufufulia wafu, ufunguo wa gereza, kitabu cha kubadilishia sura na vinginevyo. Watu wengi walielewa kwamba usipolipa tena hutaweza kusafiri upesi wala kurekebisha sura yako, na habari hiyo ikaenea. Si kweli. Vitu vyote hivyo hupatikana kwa kucheza, na mtu anaweza kuumaliza mchezo bila hata kukumbuka kwamba duka lile lipo. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaoipuuza lawama hii kabisa. Mchezo uliouzwa kwa dola 70, uliojengwa juu ya wazo kwamba vitu hivyo ni adimu na vina thamani, haukupaswa kuviweka dukani, maana mteja ana haki ya kujiuliza kama uadimu huo ulipangwa kwa ajili ya hadithi au kwa ajili ya mauzo. Capcom ilifanya hivyo pia katika Devil May Cry 5 na katika toleo jipya la Resident Evil 4, kwa hiyo desturi haikuanzia hapa. Ukisoma lawama ya mfuko, jiulize kama mwandishi anapinga desturi hiyo au anadai kwamba mchezo hauchezeki bila kulipa. La kwanza ni msimamo wa kuheshimiwa, na la pili ni kosa la habari.

Zikishatengwa hizo mbili, kinachobaki ni mzozo wa kweli, nao ndio unaostahili muda wako.

Kitu kimoja kinaposifiwa na kulaumiwa, jiulize wewe mwenyewe

Mtindo wangu wa kusoma maoni ya mchezo huu ni huu: natafuta kitu ambacho wanaoupenda na wanaouchukia wanakitaja kwa jina moja. Nikikipata, naacha kuhesabu kura, kwa kuwa hapo hakuna wingi wa watu utakaonijibia. Jibu liko katika tabia yangu mwenyewe. Katika Dragon's Dogma 2 vitu vya namna hiyo ni vingi kuliko katika mchezo mwingine wowote ninaoujua, kwa sababu mwongozaji wake, Hideaki Itsuno, ambaye pia aliuongoza ule wa kwanza wa mwaka 2012, alichagua kwa makusudi kumfanya msafiri aione safari. Aliondoka Capcom mwaka 2024, baada ya kufanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 30, na mchezo huu umebeba mkono wake kila mahali.

Chukua safari yenyewe. Kuruka kutoka mji hadi mji kunahitaji jiwe liitwalo Ferrystone, ambalo dukani hugharimu sarafu 10,000 za mchezo na huisha kwa matumizi ya mara moja, tena hukupeleka tu palipo na kituo. Njia ya bei nafuu ni mkokoteni wa ng'ombe unaokwenda kati ya baadhi ya miji, ambao unaweza kuvamiwa njiani. Juu ya mkokoteni wangu wa tatu alitua grifini, kiumbe mwenye mabawa na kichwa cha tai na mwili wa simba, akauvunja vipande vipande. Ilikuwa jioni, mafuta ya taa yalikuwa yakikaribia kwisha, na tukatembea usiku kucha tukisikia vilio vya mifupa inayotembea upande wa kulia wa barabara. Naikumbuka safari ile vizuri kuliko hadithi nzima za michezo mingine. Mchezaji mwenzangu, ambaye hucheza saa moja baada ya kazi, lilimpata jambo lilelile, naye akaufunga mchezo na hakurudi. Yeye alikuwa na saa moja, na saa ile ilikwenda yote bila yeye kufika alikokusudia. Hakuna kati yetu aliyekosea. Basi unaposoma kwamba safari ni ndefu, usiulize kama ni kweli, kwa sababu ni kweli. Jiulize una saa ngapi kwa kikao kimoja, na kama kutofika ulikokusudia kutakuharibia siku.

Vivyo hivyo kuhusu uhai. Kila unapoumizwa, kiwango cha juu cha uhai unachoweza kurudishiwa hupungua kidogo kidogo mpaka ulale katika nyumba ya wageni au kambini. Anayependa kupanga safari husema kwamba hilo humfanya afikirie kama ageuke nyuma au asonge mbele. Anayependa kuchunguza kila pango husema kwamba ni kumfukuza mtu porini. Maelezo yote mawili ni ya jambo moja, na ukiyaweka kando kwa kando utajua upesi wewe ni wa upande upi.

Kuhifadhi ndiko kunakoleta majuto makubwa zaidi. Kuna safari moja tu iliyohifadhiwa, nayo hujihifadhi yenyewe mara kwa mara. Ukitaka kurudi nyuma, unarudi pale ulipolala mara ya mwisho katika nyumba ya wageni. Ukimuua mtu muhimu kwa bahati mbaya, ukikosea kumjibu Sphinx, kiumbe anayetega vitendawili na ambaye hakupi nafasi ya pili katika safari hiyo, umekosea. Wapo wanaosema kwamba bila hofu hiyo uamuzi hauna uzito, na mimi nakubaliana nao. Lakini kuna matokeo ambayo maoni ya ughaibuni huyapita haraka na ambayo kwetu ni makubwa: nyumba nyingi zina mashine moja na akaunti moja inayotumiwa na ndugu wawili au watatu, na hapo akaunti moja ina Arisen mmoja. Mdogo wako akianza upya, safari yako imefutika. Kama ndivyo mnavyocheza nyumbani, jambo hili lina uzito kuliko tathmini zote zilizobaki.

Kisha kuna ugonjwa uitwao dragonsplague, ambao umewagawa watu kuliko yote. Pawn aliyeambukizwa huanza kuwa mkaidi, hushika kichwa, na macho yake hung'aa kwa rangi nyekundu. Ukipuuza dalili hizo ukaenda kulala mjini, utaamka ukute wakazi wameuawa, pamoja na wenye maduka na wale waliokuwa wamekupa kazi. Tiba ni kumwacha Pawn huyo aende zake, au kumtosa kwenye maji yenye kina ambamo kiumbe wa majini humchukua, na kama ni yule uliyemuumba mwenyewe, unamwita tena akiwa mzima. Waliopatwa na pigo hili bila kutazamia waliandika kwa uchungu wa haki, hasa wale wa juma la kwanza, wakati dalili zilikuwa hafifu. Ukikutana na maoni ya namna hiyo, rudi kwenye tarehe, halafu soma kama mwandishi aliona onyo na akalipuuza au hakuliona kabisa.

Saa alizocheza mwandishi zinampa haki ya kusema nini

Chini ya kila tathmini Steam huonyesha saa alizokuwa amecheza mwandishi siku alipoandika, na saa alizonazo sasa. Mwenye saa moja ni shahidi mzuri wa mashine yake na ni shahidi mbaya wa kila kitu kingine. Mwenye saa 15 anajua mapigano, na kwa kawaida ndipo sifa zinapokuwa nyingi zaidi, kwa kuwa mara ya kwanza kumpanda jitu lenye jicho moja na kulichoma usoni ni furaha isiyofichika. Mwenye saa 60 ndiye wa kumsikiliza kuhusu aina za viumbe, kwa sababu kufikia hapo atakuwa amewaua magoblini wale wale kwenye kona zile zile mara nyingi.

Hapo ndipo penye habari ya kuaminika kuliko zote. Ukiona jambo linalaumiwa na wenye saa nyingi walioupenda mchezo, na vilevile na walioukataa, lichukue kama lilivyo. Kuhusu mchezo huu mambo hayo ni machache na yanajulikana: aina za maadui hazitoshi kwa ukubwa wa nchi, hadithi kuu ina wahusika wanaotoweka kabla hujawajali, sehemu ya Battahl imejengwa kwa haraka kuliko Vermund, na Pawn hurudia maneno yaleyale mpaka masikio yachoke. Naupenda mchezo huu na bado nayathibitisha yote manne. Kama hadithi ndiyo inayokupeleka kwenye michezo ya aina hii, hayo yatakuumiza.

Tazama pia mwandishi anaulinganisha na nini, kwa sababu ulinganisho hufichua alichokitarajia. Aliyetoka kwenye The Witcher 3 alikuja kutafuta mazungumzo na watu wa kukumbukwa, na hapa atabaki na njaa. Aliyetoka Elden Ring alikuja na mazoea ya adui mgumu anayefundisha kwa kuua, na atauona huu kuwa mwepesi baada ya saa 30. Walio wakali kuliko wote ni wapenzi wa ule wa kwanza, nao wana hoja ambazo mgeni hawezi kuziona: ule wa 2012 uliruhusu ujuzi sita wa silaha kwa wakati mmoja na huu unaruhusu minne, na ule ulipata mwaka 2013 nyongeza ya Dark Arisen yenye mapango magumu ambayo huu hauna mfano wake. Kama hukucheza wa kwanza, malalamiko hayo yana ukweli, lakini hayakuhusu sana.

Jaribu kwa saa mbili zilizopangwa

Steam hurudisha fedha kwa ombi linalofanywa ndani ya siku 14 za ununuzi, mradi umecheza chini ya saa mbili. Saa hizo huhesabiwa tangu programu inapofunguka, hata ukiwa unasubiri maandalizi ya michoro au unachagua umbo la pua. Wengi huzimaliza zote katika kuumba sura, maana mchezo huu una chombo cha kuumbia sura kilicho bora mno, na hapo nafasi ya kurudishiwa fedha hupotea kabla ya pigo la kwanza. Kwa hiyo pakua kwanza programu ya bure ya kuumbia wahusika, ambayo Capcom iliitoa Machi 2024 kabla ya mchezo wenyewe. Muumbe humo Arisen wako na Pawn wako kwa utulivu, kisha uwaite wakiwa tayari utakapoanza.

Ukishaanza, usipotee porini. Fuata hadithi moja kwa moja hadi kijiji cha Melve, panda mkokoteni, na uhakikishe unaingia Vernworth kabla ya dakika 100 kwisha. Tembea sokoni mchana, geuka huku na huku, na utazame kama picha inakwama. Kisha, kabla saa mbili hazijatimia, toka nje ya lango, tafuta pigano moja usiku, kisha rudi mjini kwa miguu. Ukiwa njiani usitazame ramani. Kama umefika langoni na umekwisha kusahau kutazama saa, endelea kucheza. Kama ulikuwa ukiitazama, omba fedha zako siku hiyohiyo.

Ukiandika yako

Anayesoma maoni kwa namna hii hatimaye ataandika ya kwake, na nasihi yangu ni fupi. Taja prosesa yako na kama ulifika mjini. Taja mwezi na sasisho. Sema kama ulichezea hali nyepesi au ya kawaida, maana gharama za kulala na za mkokoteni si sawa. Taja mchezo uliokuwa ukiupenda kabla ya huu. Ukiandika kwa Kiswahili, ongeza yale ambayo sisi tunayahitaji na wengine hawayataji: ulipakua GB ngapi, umeme ulipokatika ulipoteza kiasi gani cha safari, na kama mlikuwa mnatumia akaunti moja. Vitendawili vya Sphinx usivijibu hadharani, na kuhusu sehemu ya mwisho kabisa sema tu kwamba ipo, kwa kuwa anayeifikia bila kuambiwa hupata kitu ambacho huwezi kumrudishia. Halafu sasisho jingine likitoka, rudi kwenye tathmini yako uihariri, au uandike juu yake kwamba inahusu toleo la zamani.